Nafasi ya Sita Mkekani

Asubuhi nyumbani kwetu ilikuwa ya kupishana mlangoni. Baba alikuwa mwoka mikate wa zamu ya usiku. Alirudi saa kumi na mbili na nusu, unga ukiwa bado kwenye nyusi zake, wakati mimi nimeshavaa sare na kufunga mkoba. Aliniwekea kiganja kichwani akasema, "Haya mama, kasome." Nami nilimjibu, "Lala salama, Baba." Ukisikia mtu anaambiwa lala salama huku majogoo wanawika, ujue hiyo ni nyumba ya mwoka mikate.

Tulikuwa wawili tu. Mama ni muuguzi, na alikuwa amebaki katika mji tuliotoka, akisubiri uhamisho. Kila Jumapili alipiga simu na kutuambia uhamisho uko njiani. Mimi nilianza kuamini kwamba huo uhamisho unakuja kwa miguu.

Nikirudi kutoka shule nilimkuta Baba amelala. Tulikuwa na chumba kimoja chenye pazia katikati, kwa hiyo nilijifunza kufungua mlango bila kuuliza chochote kwa sauti, kuweka mkoba chini taratibu, na kula bila kijiko kugonga sahani. Saa kumi na moja jioni aliamka, akaoga, akala amesimama, akatafuta soksi, akaenda zake kazini. Yote niliyotaka kumwambia niliyaandika kwenye karatasi na kuiweka chini ya kopo la sukari. Siku nyingine nilijaza kurasa mbili. Naye alinijibu kwa mistari mitatu au minne, mwandiko umelala kama mwenyewe. Usiku nililala kwa mama mwenye nyumba, chumba cha pili, bibi mwenye roho nzuri ila masikio yalikuwa yameshastaafu. Nikimsimulia habari za shule alitikisa kichwa na kusema, "Eeh, mwanangu, funga tu dirisha."

Niseme wazi tu. Nilikuwa mpweke. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kulikuwa na siku nilipofika kitandani nikagundua kwamba tangu asubuhi sijazungumza na mtu zaidi ya salamu.

Nilidhani shuleni mambo yangekuwa tofauti. Darasa letu la tano lilikuwa na wanafunzi thelathini na sita, na mtu angetegemea kelele za kutosha. Lakini mwaka ule kipindi cha kusoma kilikuwa cha vishikwambi. Vilikaa ndani ya kabati la chuma lenye nyaya za kuchajia, kila kimoja kimevishwa ganda la mpira la bluu na kuandikwa namba mgongoni. Ulikichukua chako, ukavaa spika za masikioni, na mashine ikakusomea hadithi huku maneno yakibadilika rangi moja baada ya jingine. Kisha ilikuuliza maswali. Ukijibu vizuri unapanda ngazi. Watu thelathini na sita chumba kimoja, na usingesikia hata kikohozi.

Ukikiwasha, kishikwambi hakikuuliza jina lako. Uligusa picha yako, basi. Fundi aliyevileta alisema mashine haina haja na majina ya watoto wa watu. Kila mtu akachagua mnyama, na haikupita wiki majina tuliyopewa na wazazi yakawekwa kando. Mimi nilihamia pale muhula wa pili, wanyama wakiwa wameshakwisha. Zilibaki picha tatu: ufagio, kijiko na ndoo. Nikachagua ndoo, kwa sababu angalau ndoo hakuna nyumba isiyoihitaji.

"Ndoo, njoo!" alipenda kunipigia kelele mvulana mmoja mwenye meno ya mbele yaliyoachana, ambaye picha yake ilikuwa jogoo. "Njoo, ila usimwagike!"

Darasa zima lilicheka. Jogoo alikuwa mchekeshaji wa darasa, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kuliko masomo.

Kila Ijumaa tulifanya jaribio la maswali ishirini. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliangalia orodha iliyotokea kwenye kishikwambi chake, na wale sita wa mwisho waliitwa mkekani wiki iliyofuata. Sita, kwa sababu mkeka ulitosha sita, na Mwalimu wa saba. Ulitandikwa nyuma ya darasa, chini ya dirisha. Pale hapakuwa na mashine. Mwalimu alivua viatu, akakaa chini pamoja nao, akafungua kitabu cha karatasi, na wakasoma kwa sauti, vichwa vimegusana juu ya ukurasa mmoja.

Mimi nilikuwa ngazi ya nane kati ya kumi. Nilikaa peke yangu kwenye dawati la pembeni, na kishikwambi namba kumi na tisa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniuliza kitu. Mtoto anayejua kusoma ni kama saa inayotembea vizuri. Mtu huitazama akipita, haishiki.

Ijumaa moja nilifanya jaribio nikiwa na mafua makali. Macho yalinitoka machozi, maswali yakaogelea, nikagusa majibu ili nimalize tu. Jumatatu Mwalimu alisoma majina ya mkekani: "Jogoo, Twiga, Kipepeo..." Akafika la sita, akasita. "Ndoo?" Akanitazama, akatazama orodha tena. "Haya, Ndoo, njoo huku."

Nilikwenda kwa aibu. Lakini nilipokaa, bega langu likagusana na la Twiga upande huu na la Kipepeo upande ule, na hakuna aliyesogea. Jogoo alikuwa anasoma maneno ya kuku mwenye hasira, na kila alipokwama alijaza nafasi kwa kuwika. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Ilipofika zamu yangu sauti ilinikauka, maana sikuwa nimeitumia siku nyingi. Mwalimu aliniwekea mkono mgongoni. "Polepole," alisema. "Tunakusikia."

Tunakusikia. Mwaka ule hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia hivyo. Nilisoma mistari yangu minne kwa shida ya kweli, kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Ijumaa iliyofuata mafua yalikuwa yamekwisha. Swali la kwanza lilikuwa rahisi, jibu nililiona hata kabla ya kumaliza kusoma. Kidole kikasimama juu yake. Nikawaza Jumatatu, dawati la pembeni, zile spika zinazobana masikio. Nikagusa jibu la pili. Halafu la pili tena. Jioni ile nilijiambia ni wiki moja tu.

Zikawa wiki tano.

Kujifanya hujui ni kazi ngumu kuliko kujua, nakuambia. Nililazimika kukumbuka ni maneno gani "nimeyajua" wiki iliyopita ili nisiyasahau tena bila sababu. Nilisoma kwa kuvuta herufi, nikikwama mahali ambapo niliona wengine wanakwama. Siku moja Jogoo alikwama kwenye neno refu, na kabla sijajizuia nikamnong'oneza neno lote. Akanitumbulia macho. "He! Ndoo leo umejaa!" Nikajifanya nakohoa. Usiku, kitandani kwa mama mwenye nyumba, nilikuwa nahesabu makosa ya kufanya kesho yake kama wengine wanavyohesabu kondoo.

Na wakati wote huo kulikuwa na Kobe.

Kobe alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kushika ncha ya kola yake akiwa na wasiwasi. Yeye alikuwa wa mkekani tangu muhula wa kwanza. Nilipoingia mimi nikawa wa sita, yeye akawa wa saba, na mkeka ulikuwa hautoshi wanafunzi saba. Akapelekwa kwenye dawati langu la pembeni, akapewa namba kumi na tisa. Darasa likampigia makofi: Kobe amepanda! Na mimi nilipiga makofi. Nilijiambia nimemfanyia hisani.

Mashine ilimsomea hadithi, naye alikuwa na kumbukumbu nzuri ajabu ya vitu alivyosikia. Maswali yaliposomwa masikioni mwake alikumbuka, akagusa picha, akapata alama za kumtosha kutorudi kwetu. Hakuna aliyejua kwamba yale maneno yaliyobadilika rangi mbele yake hakuyatambua.

Siku moja, wiki ya nne, niliinua macho kutoka kwenye kitabu cha mkekani nikamtazama. Skrini ya namba kumi na tisa ilikuwa nyeusi tii. Chaji ilikuwa imekwisha. Wenzake waliokuwa karibu walikuwa kila mmoja katika hadithi yake. Kobe alikuwa amekaa wima, spika masikioni, na kidole chake kinagusa kile kioo cheusi, kinagusa, kinagusa, ili mtu akipita aone anasoma. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikaitazama vizuri, nikaelewa. Alikuwa anafuatisha kwa mbali yale tuliyokuwa tunasoma sisi.

Macho yetu yakakutana. Yeye ndiye aliyeangalia chini kwanza, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

Nilijua upweke ule. Niliufahamu vizuri kuliko mtu yeyote chumbani mle, kwa sababu ulikuwa wangu, na mimi ndiye niliyempa. Ijumaa ile nilikusudia kujibu maswali yote sawasawa. Wallahi nilikusudia. Nilijibu mawili. Kwenye la tatu nikalikumbuka lile dawati, na kidole kikarudi kwenye uongo wake.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia siku ya Jumanne, wakati wa mapumziko ya saa nne. Wenzangu walikuwa wametoka kucheza. Kobe alikuwa na zamu ya kurudisha vishikwambi kabatini, na mimi nilikuwa nakunja mkeka. Mlangoni nikasikia kikohozi ninachokijua. Baba alikuwa amesimama pale na buti za kiwandani, unga kwenye nyusi, macho mekundu. Ule ulikuwa wakati wake wa kulala usingizi wa pono.

"Habari za kazi, Mwalimu."

"Salama, Baba. Karibu ndani, karibu kiti."

Baba alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Akatoa barua mfukoni. Sikuwa najua kwamba kuna barua.

"Mwalimu, hii barua nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nikadhani ni usingizi. Imeandikwa kwamba mwanangu hawezi kusoma sentensi ya maneno matano, na kwamba tushauriane arudishwe darasa la tatu."

"Ndiyo, Baba, na naelewa uchungu wako. Lakini kwa wiki tano mfululizo amekuwa miongoni mwa wa mwisho. Haikuwa hivyo alipokuja. Mimi mwenyewe imenishangaza."

"Sasa, Mwalimu wangu," alisema Baba, na kutoka ndani ya shati akatoa mfuko wa mkate uliojaa karatasi, "hizi ananiandikia nani? Mama mwenye nyumba? Yule bibi miwani yenyewe anaitafuta ikiwa usoni."

Mwalimu alichukua karatasi ya juu. Akasoma. Akachukua ya pili. Niliuona uso wake ukibadilika, nami nikatamani kujikunja ndani ya ule mkeka nikae humo mpaka likizo. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Baba yangu alikuwa ameacha usingizi wake, amekuja kula janga langu akidhani ni haki yake anadai.

Mwalimu alitoa kitabu cha darasa la sita kabatini, akakifungua katikati, akaniwekea mbele. "Soma."

Nikautazama ukurasa. Nikivuta herufi kama ninavyofanya mkekani, Baba anaonekana mwongo mbele ya mwalimu. Nikisoma kama ninavyosoma, naonekana mimi. Baba alinitazama kwa matumaini, mikono imeshika magoti yake. Nikasoma. Nilisoma ukurasa mzima bila kukwama.

Baba akapiga paja. "Huyo ndiye mwanangu! Mnaona? Mashine yenu ndiyo mbovu." Akamgeukia Mwalimu, sauti ikashuka, ikawa ya upole. "Mwalimu, mtoto huyu ana kasoro zake, simsifii. Kuamka ni vita. Lakini uongo hajui. Tangu azaliwe hajui."

"Basi itakuwa hivyo," alisema Mwalimu, akipangusa paji la uso. "Nitampigia fundi leo. Na kama kimoja kimekosea wiki tano, siwezi kuamini matokeo ya mtoto yeyote humu. Vyote vitarudishwa. Samahani sana, Baba."

Ilikuwa rahisi hivyo. Ningenyamaza tu. Mashine inayosema kutwa nzima haikuwa na mdomo wa kujitetea. Lakini lile neno la Baba, kwamba uongo sijui, sikuweza kuliacha lipite.

"Mashine haina kosa," nilisema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Ni mimi. Nilikuwa najibu vibaya makusudi. Kila Ijumaa. Nilitaka nikae mkekani."

"Makusudi?" Baba aliuliza, kama mtu aliyesikia jina la ugonjwa asioujua. "Kwa nini, mama?"

Nilikuwa nimepanga mambo mengi ya kusema, yakatawanyika. "Kule kwenye dawati hakuna anayesema na mimi. Na nyumbani umelala. Mkekani Mwalimu alisema wananisikia." Nikaanza kulia, nikaendelea kusema hivyo hivyo. "Na nafasi ilikuwa ya Kobe. Nilijua. Nilimwona anagusa kioo kilichozimika, nikanyamaza."

Kabatini kishikwambi kiligonga chuma. Tulikuwa tumesahau kwamba Kobe yumo. Kobe alisimama na nyaya mkononi, ameshika ncha ya kola kwa mkono mwingine.

"Mimi nilidhani nimeanza kujua," alisema polepole. "Mliponipigia makofi. Nikamwambia mama yangu nimepanda. Halafu nikawa naangalia maneno, siyajui. Nikaona mimi peke yangu ndiye nimepanda bila kujua. Nikaona aibu kusema."

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Mwalimu alikaa kwenye dawati, kitu ambacho alikuwa anatukataza. "Na mimi nina langu," alisema hatimaye. "Kazi ya macho yangu na masikio yangu niliipa orodha. Orodha haikudanganya, iliandika ilichopewa. Lakini orodha haiwezi kuona mtoto anagusa kioo kilichozimika. Hilo lilikuwa langu kuliona." Akamwita Kobe, akamfuta vumbi la kabati begani. "Kesho nafasi yako mkekani ni yako, na utaketi karibu na mimi. Na wewe, Ndoo, utarudi kwenye dawati lako. Adhabu yako ni kwamba darasa zima litajua ukweli, na utausema wewe mwenyewe."

Niliusema kesho yake, nimesimama mbele. Hata Jogoo hakuwika.

Lakini siku ile ya Jumanne Baba alinisindikiza mpaka kwenye bomba la maji la shule, akaninawisha uso kama mtoto wa miaka mitatu. Nilingoja anikaripie.

"Sisi waokaji," alisema, "tukiugua kiwandani tunapewa mkate laini, wa moto, kabla ya watu wote. Kuna mwenzetu alijifanya mgonjwa, kisa alitaka ule mkate. Siku aliyougua mwingine kweli, mkate haukuwepo. Mama, chakula cha mgonjwa akila mzima, mgonjwa atakula nini?"

Nikainamisha kichwa.

"Na mzima mwenye njaa," aliendelea, sauti yake ikawa nzito, "aseme ana njaa. Kwangu ulitakiwa useme. Kurasa mbili kila siku, habari za paka wa jirani na nani kaanguka shuleni, na sijaona mahali umeandika, Baba, niko peke yangu."

"Nilidhani utachoka zaidi."

"Nichoke. Ukitoka shule niamshe. Saa tisa na nusu, saa kumi, niamshe tu. Usingizi sitaumaliza duniani."

Nilimwamsha siku ile ile. Alizungumza na mimi amefumba jicho moja, lakini alizungumza.

Mwalimu alibadilisha mambo darasani. Ijumaa, baada ya jaribio, kila mmoja wetu alikwenda mezani kwake kumsomea aya moja sikioni, na orodha ikasubiri aya hiyo. Vishikwambi havikurudishwa. Ila siku za Jumanne na Alhamisi spika zote zilibaki kabatini. "Leo sauti ya mashine inazimwa," alisema mara ya kwanza, "zinawashwa zenu." Alitutaka tukae wawili wawili kwa kishikwambi kimoja, mmoja asome na mwenzake afuate. Kila mtu achague mwenzake.

Unajua kuchagua kulivyo. Madawati yaliburutwa, watu wakaitana, na ilipotulia watatu walikuwa wamebanana kwenye dawati moja, na mimi nilikuwa bado niko peke yangu kwenye dawati la pembeni. Sikushangaa. Mtu aliyekula nafasi ya mwenzake hana wa kumkimbilia. Wiki ya kwanza ilikuwa hivyo, nikasoma na Mwalimu. Wiki ya pili pia. Nilimwambia Baba, amefumba jicho lake moja, akanijibu kwamba unga ukimwagika hauokotwi kwa siku moja, na kwamba nisimwombe mtu anisamehe haraka kwa sababu mimi nina haraka.

Alhamisi ya wiki ya tatu nilihisi kivuli kimesimama juu yangu. Ilikuwa namba kumi na tisa, na nyuma yake Kobe.

"Sogea," alisema.

Nikasogea. Akakaa, akakiweka kishikwambi katikati yetu, akagusa picha yake. Ilikuwa hadithi ya ngazi ya pili, ya mtoto aliyepoteza kiatu kimoja. Akaanza. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na kwenye mstari wa tatu akakwama. Neno lilikuwa mbele yangu, jepesi kabisa. Nikafungua mdomo.

"Usinisaidie," alisema bila kuinua kichwa. "Ngoja."

Nikangoja. Alilizunguka lile neno, akalijaribu kwa mbele, akalijaribu kwa nyuma, mara likafunguka lote kwa pamoja, akalisema kwa sauti kubwa mpaka Jogoo kule nyuma akampigia makofi mawili bila kujua ya nini. Bega lake liligusa langu. Tukaenda hivyo mstari baada ya mstari, yeye anasoma na mimi nangoja, na sijawahi kufanya kazi iliyonifurahisha kama ile ya kungoja.

Kengele ikalia. Madawati yakaburutwa, wote wakatoka nje kwa fujo. Niliinuka nami kwa mazoea, maana nilizoea kuondoka kabla ya kuachwa. Kobe akanishika mkono wa sare.

"Kaa," alisema. "Bado mistari minne."

Nikakaa. Mwalimu alikuwa anapita na ufunguo wa kabati, akikusanya vishikwambi. Alipofika kwetu akasimama, akatutazama.

"Unaona, Ndoo? Nafasi ya kuiba unaikalia upande, jicho moja mlangoni. Ya kuitwa unakaa ukatulia. Ukweli huchelewesha nafasi, lakini ukiipata..."

"Mwalimu, samahani," alisema Kobe, kidole chake kikiwa kimebana neno lisimtoroke. "Tunasoma."

Mwalimu akaweka ufunguo mezani, akavuta kiti, akasubiri tumalize.